Kwanza, Kuanguka

Nilimpeleka ajifunze kupiga.
Sikuficha. Nilimwambia mwalimu Nugzari mlangoni,
theluji ya Kutaisi ikinidondoka mabegani:
"Mwanangu wanamsukuma ngazini, shuleni.
Nataka arudishe."
Mwalimu ana sikio moja lililojikunja kama uyoga mkavu,
la miaka ya kusagwa kwenye mkeka wa judo.
Akaniangalia, akamwangalia Gega,
akasema: "Vua viatu."

Wiki ya kwanza, kuanguka.
Wiki ya pili, kuanguka.
Chali, ubavu, kidevu kifuani,
mkono ukiupiga mkeka pa!
kama Tsiala wa mtaani kwetu abandikapo donge la mkate
ukutani mwa tanuri.
Watoto kumi na tisa, pa, pa, pa,
chumba cha chini ya jengo la zamani la posta,
kinanuka soksi na mafuta ya taa,
na mimi benchini, koti mapajani,
nahesabu lari arobaini kwa mwezi
nilizolipa mtoto aanguke.
Kuanguka si anakupata bure shuleni?

Jina lake ndilo walilolifanya fimbo.
Ulimi wake hukwama kizingitini mwa neno,
nasi tukampa, bila kujua, jina la mtego:
Ge—ge—ge—
Zura na wenzake humngojea ngazi ya tatu,
hummalizia kwa mlio wa kuku anayetaga,
kisha kiganja mgongoni.
Nyumbani husema ameteleza.
Nami nimewahi kuteleza vivyo hivyo, kiwandani,
mbele ya msimamizi,
na ndevu zangu zote.

Wiki ya saba akafundishwa kushika ukosi wa mwenzake.
Kushika, siyo kuvuta. Kusikiliza uzito.
"Anayesukuma," alisema Nugzari,
"amekwisha kukuambia anakokwenda."
Kabla ya kushikana, huinama.
Baada ya kutupana, huinama,
na aliyeangushwa huinuliwa
kwa mkono ule ule uliomwangusha.
Binti mmoja, Tekle, mwembamba kama mpini wa ufagio,
alimbwaga mwanangu mara kumi na moja jioni moja.
Ya kumi na mbili, Gega akacheka
kule kule chini,
na kicheko hakikukwama.

La Februari nililisikia kwa mlinzi wa shule, si kwake.
Walimsukuma. Akaanguka
kama aangukavyo mtu aliyeanguka mara elfu:
kidevu kifuani, mkono pa! sakafuni,
ukumbi mzima ukageukia ule mlio.
Akasimama. Akafuta goti.
Akamtazama Zura, akamwinamia kidogo,
kwa mazoea tu.
Ge—
Wakaanza kuku wao. Akangoja.
Ge—
Akangoja tena, akavuta pumzi ya tumboni.
"Gega. Naitwa Gega."
Akapanda darasani.

Ningependa kusema waliacha.
Jumatatu walikuwa pale pale, ngazi ya tatu.
Na Jumanne.
Ila nyumbani hakuna tena aliyeteleza.
"Wamenisukuma," asema, akimega mkate,
"lakini nimeona, Zura huanza na mguu wa kulia."
Alhamisi tukaenda kwa mwalimu mkuu,
yeye akieleza, neno kwa neno, na kila neno na foleni yake;
mimi nikikaza meno nisimsaidie.

Jana barafu ilinichota miguu nje ya tanuri.
Nilianguka kama gunia la viazi, kisogo kikalia.
Akachuchumaa. Hakucheka.
"Baba. Ki—ki—kidevu kifuani."
Kisha akanipa mkono.
Sikwenda nyumbani mara moja.
Watu wakitupita na mikate yao ya moto kwapani,
nilijaribu tena, polepole, palipo na theluji laini,
na tena,
mwanangu akinihesabia.